Leseni Imetoka, Abti

Abti Nuur,

Leseni imetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu anayezunguka. Mtu akikujia na habari za mvua na za mbuzi kwanza, ulikuwa unamkata: "Sema taa gani haiwaki." Basi leseni imetoka. Ina jina langu, la baba na la babu, yote matatu, na hakuna herufi iliyokosewa. Inasema Abdullahi anaruhusiwa kufunga umeme nyumbani, dukani na ofisini, na kutia sahihi kazi yake mwenyewe. Nimeikunja mara mbili, nikaifunga kwenye nailoni jasho lisiifikie, nikaitia mfuko wa shati. Nikiinama kufunga skrubu naisikia inagusa kifua.

Nakuandikia Kiswahili, na najua ungecheka. Mtu na mjomba wake, Wasomali wawili, wanaandikiana lugha ya soko! Lakini Kisomali chetu hakijapata herufi za kuandikia, Kiarabu changu ni cha kuswalia tu, na Kiingereza nilichonacho ni cha mtihani. Halafu kazi yenyewe ulinifundisha kwa Kiswahili, kama ulivyofundishwa na yule fundi wa Kihindi kule Isiolo. Nyumbani tulikuwa tunaongea habari za ngamia kwa lugha ya mama. Tukishapanda ngazi, lugha inageuka. "Lete koleo. Zima kwanza. Nimesema zima, wewe!" Mpaka leo mtu akitaja koleo mahali, nageuka.

Hapa Garissa mambo yako vile ulivyoyaacha, ila yamezidi. Jua likikaribia kuzama kila mtu yuko ndani. Watu wa malishoni wameletwa karibu na mji, wamekaa mahali pamoja kama mifugo wakati wa kuhesabiwa, na mifugo yenyewe wengi hawana. Ngamia wa babu hakurudi hata mmoja. Redio inasema wakubwa wanazungumza. Wacha wazungumze, sisi tunangoja barabara ifunguliwe. Amina mkeo hajambo. Ngazi yako ameikatalia watu wawili waliotaka kuiazima. Anawaambia, "Mwenyewe akija mumuulize." Sijui kama anasema kwa hasira au kwa akili ya kufukuza watu. Nimeogopa kumuuliza.

Hospitali, Abti, ungelia. Ile wodi uliyoifungia taa kumi na mbili za wati sitini, wameongeza feni nne kwenye mstari uleule. Hapo bado sawa, ni kama wati elfu moja na arobaini, na fyuzi ya ampia tano inabeba elfu moja mia mbili. Lakini kuna mtu anachomeka pasi kwenye kishikio cha taa, wati mia saba na hamsini. Jumla elfu moja mia saba tisini. Hiyo ni ampia saba na nusu! Mtoto wa chuo cha Kurani angeona kwamba haiendi. Fyuzi ikikatika wanatia waya nene zaidi, wanasema, "Nuur alikuwa anafunga kitu dhaifu." Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye mchanga.

Nilipokuwa nimekaa pale nikakiona chuma chako.

Unajua ninachosema. Kile chuma ulichokipigilia nyuma ya wodi, chenye waya wa athi, wa kupeleka ardhini umeme uliopotea njia usije ukaua mtu. Udongo wetu mkavu haupokei kitu. Ukachimba shimo ukalizungushia mkaa na chumvi, na kila asubuhi ukawa unapita na debe la maji kukimwagilia. Mji mzima ulikucheka. Yule mama wa maziwa, ambaye kila 'p' huifanya 'b', hakukosa siku.

"Waryaa Nuur! Hicho chuma kimebata majani?"

"Bado, mama. Kimetoa mizizi kwanza."

"Kikizaa nibe mbegu."

Nami nilikuwa naona haya, nakaa mbali nikijifanya nahesabu vile vikombe vya kaure vinavyoshika waya kwenye nguzo. Nilidhani umekibuni tu, kama dawa za wazee. Siku ile nilikuta pamekauka, ardhi imepasuka na chumvi imetoa unga mweupe. Tangu hapo nakimwagilia mimi. Mama wa maziwa ananiona na anapita zake. Ningependa anicheke.

Nikueleze mtihani ulivyokuwa, maana wewe hukuufikia. Mara ya kwanza walipokuita barabara ilikuwa imefungwa, mara ya pili ruhusa ya kutoka mjini ikatoka malori yameshaondoka. Mkandarasi wa Nairobi akaendelea kutia sahihi kazi zako, na yeye huku alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka, anakunywa soda kivulini, anaondoka. Kila taa ya mji huu ina jina lake kwenye karatasi. Sijamsamehe. Nimejaribu wakati wa Ramadhani, haikuwezekana.

Nilipanda lori la msafara, askari mbele, askari nyuma, sisi kumi na tisa juu ya ngozi za ng'ombe. Nilifika Nairobi nanuka hata mimi mwenyewe sijipendi. Chumba cha mtihani kilikuwa na Mzungu mmoja mzee aliyesinzia na Mwafrika mmoja kijana mwenye tai, huyo ndiye muulizaji. Maswali ya kuandika yalikuwa ishirini. Kumi na saba niliyapata, matatu niliyokosa nayakumbuka mpaka sasa na yataniudhi mpaka nife. Kisha yakaja ya mdomo.

Akanionyesha ubao wa nyumba ya mfano. "Hapa tutakuta nini?"

Nikajibu kwa sauti, kama ulivyonifundisha: "Folti mia mbili na arobaini."

Akaweka kalamu chini. "Folti? Mia mbili na arobaini? Bwana, hiyo ni nyumba ama ni ajali?"

Wenzangu waliokuwa wanangoja wakaangua kicheko. Sikuelewa. Nikarudia polepole nikidhani hakusikia: "Folti. Mia. Mbili. Na arobaini." Wakazidi. Mzungu akaamka.

Hapo ndipo nikakumbuka, Abti. Nikakumbuka siku mkandarasi alipokuja hospitali akauliza, "Nuur, iko folti hapa?" yaani kwa Kiingereza, kuna hitilafu, nawe ukajibu kwa furaha, "Iko! Mia mbili na arobaini!" Akakimbia kuzima jenereta na soda mkononi. Miaka mingi umetusimulia kisa hicho, unajicheka mwenyewe mpaka kofia inaanguka. Na mimi niliyekuwa nacheka kuliko wote nimesafiri mpaka Nairobi, nimesimama mbele ya watu, nimesema lilelile kwa ulimi uleule. Macho yakajaa. Yule kijana akadhani ni aibu. Akanisogezea karatasi, akasema kwa upole, "Andika basi." Nikaandika 240 V.

"Aa, V! Sema volti."

"Ndiyo nasema. Folti."

"Haya. Umeme utakuelewa."

Tukaendelea. Akauliza habari za ardhi kavu, mahali ambapo athi haishiki, fundi afanye nini. Nikasema mambo yako yote: shimo, mkaa, chumvi, debe la asubuhi. Nilikuwa tayari kubishana. Nilikuwa nimejipanga kabisa, akicheka nimwambie kuna mtu kwetu amefanya hivyo na wodi nzima haijapata ajali.

Hakucheka. Aliitikia kwa kichwa akasema, "Sawasawa," akaweka alama. Akaona nimemkodolea macho, akanigeuzia kitabu chake. Ipo, Abti. Shimo limechorwa, mkaa umechorwa, chumvi, na mdomo wa bomba la kumwagia maji. Imeandikwa zamani na watu wasioijua Garissa.

Nilitaka kukukimbilia. Sijui nikuelezeje. Nimekukumbuka kwenye chai, nimekukumbuka kwenye ngazi, nimekukumbuka kila Ijumaa, lakini sikuwahi kukutaka kama nilivyokutaka pale, nitoke nje ya mlango ule nikukute umechuchumaa ukutani na debe lako, nikwambie: hukuwa mwehu. Walikuwa wanakucheka na kumbe iko kitabuni. Na wewe hukukiona kitabu, uliitafuta mwenyewe kwenye mchanga. Nilitoka nje kweli. Ukutani palikuwa na baiskeli.

Walinipa leseni, nikarudi na msafara wa kwanza.

Sasa nifike mahali ninapopakwepa. Kizuizi cha askari pale mtoni.

Siku ile ulikuwa unavuka kwenda kazini na waya umeviringwa begani, na betri mbili na kitaa chako cha kupimia. Mwenye punda aliyekuwa nyuma yako alitusimulia. Mabomu yalikuwa yanategwa barabarani majira yale, na mwenye waya na betri anaonekanaje, mimi naelewa, naelewa hesabu yao hata kama siipendi. Wakauliza waya ya nini. Ukasema ya umeme. Wakauliza cheti cha ufundi kiko wapi. Mtu mwingine angesema "naomba radhi, afande." Wewe ukanyoosha kidole juu: "Cheti ni hiyo taa iko juu ya kichwa chako. Uliza nani amefunga."

Abti, kwa nini? Kwa nini hukunyamaza mara moja tu?

Wakakuweka ndani. Ulisema hukupigwa. Ulisema ni sakafu tu, saruji na mvua. Ulitoka na kifua ambacho hakikupona, na taa yao ikaendelea kuwaka. Karatasi moja tu, Abti. Ukubwa wa kiganja. Nikiigusa mfukoni wakati mwingine nafurahi, na wakati mwingine nataka kuichana.

Juzi nimepita pale kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Waya begani, vifaa vyote. Askari aliyekuwapo ni mtu mzima mwenye pengo la jino, sikuwa namjua. Akauliza waya ya nini, nikampa leseni. Akaisoma yote akifuata kwa kidole, akaipindua akaangalia na nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Fundi," akasema. Halafu: "Kuna mzee mwingine wa waya. Mfupi, ndevu nyekundu za hina, mdomo mrefu. Unamjua?"

"Ni mjomba wangu."

"Aliwahi kunitengenezea redio, akakataa hata chai. Nilikuwa likizo nyumbani alipokamatwa. Niliporudi nikaambiwa, nikadhani wananitania. Alitoka salama?"

Nikasema, "Alitoka."

"Yuko?"

Nikasema, "Yuko nyumbani."

Ndivyo nilivyosema. Uso wake ulifurahi, Abti, ungemwona. Akanishika bega. "Msalimie sana. Mwambie ningekuwapo, wasingemgusa."

Nikajibu, "Zitafika."

Sijui kwa nini nilidanganya. Labda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza habari zako kama mtu anayeuliza aliyepo. Tangu tukuzike, mtu akitaja jina lako wote waliokaa husema "Allah amrehemu," wadogo kwa wakubwa, na mimi hapo hukohoa au hutafuta kiatu changu. Sijalisema hata siku moja. Amina ameona, hanisemi. Lakini kwa askari yule nilifanya ubaya. Nimemwachia mtu ahesabu kwamba deni la moyo wake limepungua, na halikupungua. Hesabu ya uongo, na wewe ungenirudisha ngazini nianze upya.

Basi kwanza nafikisha: anakusalimu sana. Anasema angekuwapo wasingekugusa. Mimi namsadiki, nawe msadiki.

Kesho asubuhi navuka tena, nina duka la kufunga taa nane ng'ambo, kazi ya kwanza yenye sahihi yangu. Nimekuahidi na naandika nisiweze kugeuka: nitasimama pale kabla hajaniuliza cheti. Nitamwambia mjomba wangu Nuur amefariki, Allah amrehemu. Nitalisema lote, mbele ya mtu, kwa sauti. Akilia nitakaa naye kidogo, na mwenye duka atangoja.

Lala salama, Abti. Mungu aufanye udongo wetu huu mkavu uwe mwepesi juu yako.

Mpwa wako,
Abdullahi