Kitambaa cha Kwaya

Alhamisi, Makandana. Mvua haijakata.

Lakini pale dukani kitambaa hiki kilikuwa kizuri kweli. Nilikuwa nikisahihisha hesabu za darasa la sita tangu asubuhi, kisha nikapitia kuchagua kitambaa cha sare ya kwaya yetu ya akina mama.

Muuzaji akanitandazia vitenge vya tausi, vya maua, vya duara ndani ya duara. Kila kimoja nilikiona kama swali linalongoja jibu. Macho yakatulia kwenye kitambaa cha kijani kitupu, hakina hata nukta. Nikabeba jora zima.

Nyumbani binti yangu Neema akakishika. "Mama, hii si ndiyo sketi yetu ya shule? Sasa kanisani kengele atapiga nani?"

Akina mama watanimaliza. Nimekitazama tena baada ya kula ndizi na kupumzika: ni sketi kweli. Na wale tausi, sasa ninawataka.

Kesho nakirudisha asubuhi, nichague tena kabla sijagusa kalamu nyekundu na akili kuchoka.

Ila nimekumbuka kitu. Baba Neema, mtu wa maneno mawili kwa siku, nilimkubali wiki ya kusahihisha mitihani.

Huyo simrudishi.