Jina la Ndunge Kwenye Chupa

Kioko mwanangu,

Nani alikutuma uje huku hospitali ya Nairobi kumbadilisha mtoto jina? Nataka kujua kama kifua cha baba yako kimetulia na kama mmepata mvua, lakini kwanza soma haya ukiwa umeketi.

Ulipokuja kumwona binti yako nilikuwa nimeenda kufua. Ukamwambia nesi kwamba sasa anaitwa Mwikali, eti mama mkwe wako amesema jina langu alilopewa ndilo linalomnyonya damu. Nesi akaandika Mwikali kwenye chupa ya uboho. Maabara wakaangalia faili, inasema Ndunge, wakaikataa chupa. Uboho ule ulitolewa kwenye mfupa wa nyonga, Kioko. Mtoto aliuma leso yangu mpaka ikatoboka. Na umemwagwa.

Nilienda kumgombeza mama wa maabara. Hakukasirika, alinivutia kiti. Akaniambia uboho huwekwa kwa joto kama mayai chini ya kuku, chembe zake zizaane, kisha hutiwa dawa ya kuzisimamisha zikiwa katikati ya kugawanyika. Hapo ndipo nyuzi za ndani huonekana kwa darubini. Anazipiga picha, anazikata kwa makasi, anazipanga mbili mbili kwa urefu, vile mimi huchagua katani ya kiondo. Katika picha ya kwanza ya Ndunge nimeuona uzi mmoja mfupi. Kipande chake kilikatika kikashika kwingine. Sasa wanataka kuhesabu tena chembe zenye uzi huo, wajue kama dawa ya saratani ya damu inazipunguza ama ibadilishwe. Bila uboho mwingine wanabahatisha.

Nikamuuliza kama ni mimi niliyempa mtoto uzi huo.

"Hapana, mama. Hakuzaliwa nao. Umekatikia humo humo kwenye uboho, baadaye."

Mwambie mama mkwe wako hayo, polepole, aelewe.

Mimi nimechoka na huku. Asubuhi naamka nikitafuta moshi wa jiko langu, napata harufu ya dawa ya sakafu. Muthokoi wao, mahindi yale ya kukobolewa, haujaiva, wanaharakisha. Je, mbaazi zimetoa maua? Nani anakaa mahali pangu sokoni Tawa? Jioni mtoto huniuliza kama mbuzi wameingia, tunawataja mmoja mmoja kwa rangi mpaka alale, kisha nabaki nao peke yangu. Jana akaniuliza mimi bibi yake, "Susu, wakiita Mwikali, niitike?" Ndiyo nikaomba karatasi nikuandikie.

Msalimie baba yako, anywe uji hata kama hataki. Dada yako wa Kambu, mwenye hoteli, mwambie chai aliyotuma imefika. Na yule mama wa kanisa anayenichungia mbuzi, Mungu amuone.

Daktari hatamdunga tena mpaka jina liwe moja. Panda basi Jumatano. Simama mbele yake, mtoto akisikia, useme anaitwa Ndunge. Kisha usitoke nje. Sindano ikiingia, umshike mkono wewe.

Mama yako,
Ndunge