Goli la Siku ya Mawingu

Mtani wangu Kufuli,

Barua nilizofundishwa kuandika zote zinaanza kwa kuuliza hali ya mtu. Ya kwako naijua, basi naanza na yangu. Mimi mzima. Nakula, nafua, Baba Yoeli akiniita naitika. Lakini tangu tulipokuweka chini nimekuwa kama mkono uliolaliwa. Unaushika, unajua ni wako, ila hausikii kitu. Sijalia, Mtani. Majirani wananitazama machoni wakitafuta chozi, hawalioni. Na mimi nimelitafuta, silioni.

Mwandiko utauvumilia. Unajua nilikaa darasani miaka miwili tu kule misheni ya Mamboya, halafu mama akajifungua mapacha nikarudishwa nyumbani kulea. Ulikuwa ukiiona barua yangu unasema, "Mkaguru huyu anaandika kama kuku anavyochakura." Haya, nachakura.

Siku ya maziko kambi nzima ilikuja. Wanyamwezi wenzako wa kambi ya juu walikuja, na Wabena, na watu wa Tindiga uliowatesa uwanjani mpaka wakakupenda. Mashine ya korona, ile ya kuchambua mkonge, ilinyamaza saa sita, wakata mkonge wakaja na visu vyao viunoni. Ukashushwa. Kisha wazee wakageuka huku na huku wakauliza, "Mtani yuko wapi?"

Unajua inavyokuwa. Mtani anatakiwa arukie mbele, azuie udongo, aseme huyu hafukiwi mpaka anijibu. Avae kofia ya marehemu, aige mwendo wake, aseme aibu zake zote mbele ya watu, mpaka kilio kichanganyike na kicheko. Nyinyi Wanyamwezi mkifa mbali na kwenu, hilo ndilo linaloonyesha kwamba hapa palikuwa kwenu pia. Asiyetaniwa amezikwa kama mpita njia. Na mtani wako kambini ni mimi. Mama Shija mkeo alikwisha nipa ile fulana yako ya golini, kila mtu akajua nitakachoigiza. Goli lile. Kuna lingine gani la kukutania nalo?

Nikasimama na fulana mkononi. Mdomo haukufunguka. Wakasubiri. Mzee mmoja akakohoa kunisaidia. Mdomo haukufunguka. Basi wakaanza kufukia, nikasikia udongo unavyoanguka, na hakuna aliyecheka.

Jioni ile Mama Shija alikuja mlangoni kwangu, hakukaa. Akasema, "Mama Yoeli, mume wangu kafukiwa kama mzigo uliodondoka njiani. Tunaanua matanga Jumapili. Kama huwezi, sema. Nitatuma mtu Mamboya aniletee Mkaguru mwenye mdomo." Fulana hakuichukua. Akaenda zake.

Siku zile nilizokuwa nangoja Jumapili, sikuwa na fikra nyingine ila za zamani. Nilikuwa natwanga, nawaza uwanja. Uwanja wetu haupo tena, Mtani, wamepanda mkonge mpaka pale palipokuwa na goli la magharibi. Ulikuwa umelala kitandani walipopanda, ulikufa hujauona ulivyofunikwa, na ni heri. Vijana wa sasa wanavaa viatu vya mpira, Jumapili wanakwenda Kilosa mjini kusikiliza santuri. Mwanangu Yoeli juzi kaniambia, "Mama, nyie mlikuwa na nini? Mpira wenyewe wa matambara." Nikamwambia tulikuwa na Kufuli na tulikuwa na Mabuyu. Akacheka kwa heshima, kama mtu anavyocheka na mgonjwa.

Nitamweleza vipi? Asubuhi ngoma ya beni, mchana mpira, hiyo ndiyo Jumapili yetu. Mabuyu mbele na kofia yake ya kijeshi aliyoiokota sijui wapi, analipuliza baragumu lake la mabuyu yaliyounganishwa, nyuma yake wanaume arobaini wamenyooka kama askari, na wote hao Jumatatu ni manamba wa kukata mkonge. Akipita mbele ya mlango wangu nasahau nilikuwa nafanya nini. Nilishaunguza ugali nikiwa na mtoto mgongoni, Baba Yoeli akauliza, "Huu ni ugali au mkaa?" Nikasema Mabuyu alipita. Akaula. Naye alikuwa anampenda Mabuyu.

Na mchana wewe, kipa wetu, ulikuwa unatoka wa mwisho. Wenzako wanarukaruka, wewe unatembea polepole kama unakwenda kudai mahari. Unafika, unaishika milingoti ya goli, ile ya mkonge uliokwisha chanua, unaitikisa. Kisha unageuka kunitafuta nyuma ya goli, kwa kuwa unajua nipo. Wanawake wengine walikaa pembeni kivulini. Mimi siwezi. Nilikuwa naogopa vidole vyako, naogopa kichwa chako, naogopa mbavu zako, na wewe hata ndugu yangu hukuwa. Nani aliyekufunga kidole kwa kitambaa kila Jumamosi? Nani aliyeipaka fulana yako rangi ya mizizi mpaka mikono yangu ikawa myekundu wiki nzima? Wachezaji wote waliniita mama, na wengine walinizidi umri.

Lakini mtani hawezi kumwambia mtani wake "jihadhari." Atachekwa. Kwa hiyo nilikuwa napiga kelele, "Mnyamwezi! Ulikuja hapa umebeba mzigo kichwani, hujautua mpaka leo?" Nawe bila kuuacha mpira machoni unajibu, "Na nyinyi Wakaguru mlijificha milimani babu zetu wakipita, mmeshushwa na harufu ya ugali wetu!" Uwanja mzima unakufa kwa kicheko. Tulipokwenda Mikumi kucheza na wale wajenzi wa barabara, lori letu likasimamishwa na tembo waliokataa kuondoka njiani, wote wamejibanza chini, mimi nasali, wewe ukainuka ukaniambia, "Shuka ukawaambie ni Wakaguru wamekuja, watakimbia." Nililia siku ile kwa hofu na kwa kucheka. Machozi yalikuwepo wakati ule.

Sasa nisemalo ni hili, na wewe unalijua.

Siku ile ya kikombe, tukicheza na watu wa reli, kidole chako kilikuwa kimevimba kama muhogo. Nilikufunga mwenyewe, nikakuomba usicheze, ukanitukana. Tulikuwa sare, muda karibu umekwisha, kona yao. Nikakuona umesimama karibu mno na mlingoti. Nikaona kichwa chako kitagonga. Nikaona, Mtani, kama kimekwisha gonga, nikaiona damu. Nikapiga kelele, "Mnyamwezi, toa kichwa hapo, mzigo uliozoea kubeba siyo huo!"

Na utani haulali bila kujibiwa. Ukageuka. Ukafungua mdomo, "Na nyinyi..." Yule kijana wa reli mwenye mguu wa kushoto akapiga, mpira ukaingia.

Sentensi yako hukuimaliza.

Watu waliokuwa pembeni waliona umegeuza uso, hawakusikia kwa kelele za ngoma. Wakakuzunguka, "Kufuli, kulikoni?" Ukasema, "Jua. Jua lilinipiga machoni." Na siku ile palikuwa na mawingu toka asubuhi! Hukujua hata kudanganya. Mabuyu akauliza palepale, "Jua gani, Kufuli, la mwaka jana?" Ndipo kejeli hiyo ikakuganda. Watoto wakawa wakikuona wanafunika macho kwa viganja. Miaka yote ile. Mvua ikinyesha mtu anasema, "Kufuli, angalia jua!" Ukawa unacheka nao.

Na Bwana wa shamba aliyekuwa amekuweka stoo ugawe visu kwa sababu ya mikono yako ya golini, Jumatatu ile ile akakurudisha kukata. Tangu hapo mpaka kifua kilipokuzidi hukutoka kwenye mkonge. Mara moja tu nilikuja nikataka kusema. Ukanikatiza, "Mkaguru, ukisema watakuondoa nyuma ya goli, na mimi nitamjibu nani?" Ukaniacha nimesimama. Na mimi nikaupokea ule msaada wako kama mtu anavyopokea maji, nikanyamaza. Nilimwogopa Mama Shija. Nilikuwa na watoto wadogo, nikaiogopa kambi. Hizo ndizo sababu. Nimeziangalia, ni ndogo.

Ndiyo maana kaburini sikuweza. Ningekuigiza umepigwa na jua? Mimi?

Basi Jumapili ikafika, yaani jana. Nikaenda. Nilivaa fulana yako juu ya khanga, nikavaa na kofia yako. Walikuwepo wengi, pombe ipo, ngoma ndogo ipo. Nikaweka vigoda viwili viwe milingoti. Nikatoka polepole kwa ule mwendo wako wa kudai mahari, wakaanza kucheka kabla sijafika. Nikatikisa vigoda. Nikatemea mate viganjani. Nikamuigiza na yule mwanamke wa nyuma ya goli, mikono kichwani, "Vidole vyake jamani!" Wakanitambua, vigelegele. Nilikuwa nasikia sauti yangu inatoka kama ya mtu wa nyumba ya pili.

Kisha nikavua kofia. Nikasema, "Sikilizeni. Siku ile hapakuwa na jua. Mimi ndiye niliyemwita, akageuka kunijibu. Kufuli hakufungwa na watu wa reli. Nilimfunga mimi."

Nikangoja wanipige.

Mabuyu, na uzee wake, na meno yake mawili, akaanguka kwenye kigoda kwa kicheko. "Jamani Mkaguru! Hata goli la watu wa reli anataka kuliiba!"

Mtani, walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikasema, "Ni kweli!" Wakazidi. Nikaapa kwa Mungu na kwa wanangu. Mzee wa kambi ya juu akaniomba ninyamaze, mbavu zinamuuma. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyogaragara. Nilikuwa nimesahau sisi ni watu gani. Anachosema mtani kwenye matanga hakuna anayekishika, hata angesema nyumba inaungua.

Na Mama Shija akacheka. Mara ya kwanza tangu ulipougua. Akaja akanikumbatia mbele ya wote, akasema, "Sasa amezikwa. Sasa amezikwa, Mama Yoeli. Ahsante." Nikasimama ndani ya mikono yake. Nilikuwa na la kusema na sikulisema, maana ningemrudisha kwenye udongo ule wa kimya. Sikusikia kitu. Hata joto lake sikulisikia.

Kwa hiyo moja limekwisha. Wewe si mpita njia tena, umechekwa kama inavyotakiwa, na wenzako wa kambi ya juu wameondoka wameridhika. Njiani Baba Yoeli alikuwa akisimama kucheka peke yake. "Leo umetisha," ananiambia, "eti wewe ulimfunga." Nikamwambia ni kweli, Baba Yoeli. Akasema, "Basi yatosha, tumefika nyumbani."

La pili bado, na nakuahidi kulimaliza. Sitalisema tena kwenye pombe. Mama Shija ni mkubwa wangu, lakini kwa kuwa ni mkeo sijawahi kumwamkia hata siku moja, ni matusi tu tangu mlangoni, naye ananirudishia. Kesho watu wakishakwenda mkongeni nitakwenda kwake bila kofia na bila fulana, na uso wa kawaida. Nitapiga magoti nimwambie shikamoo. Atashtuka. Atadhani kuna mtu kafa. Nitangoja mpaka aitikie marahaba, kwa maana akishaitikia hawezi tena kudhani natania, na hapo nitamweleza lote, na kona, na kidole, na ulivyonikataza.

Huenda akanifukuza. Huenda akasema nimrudishie kicheko chake cha jana. Ana haki. Naogopa, Mtani, na hofu hii ndicho kitu cha kwanza nilichokisikia tangu ulipokwenda.

Kwa heri. Pumzika, usinijibu. Safari hii niache niseme mpaka mwisho.

Mimi mtani wako,
Mama Yoeli