Kabla Hujamhamishia Mkeo Pwani

Jumapili jioni, Kitale. Mvua haijakatika tangu mchana na baridi ni kali, lakini mimi nachemka.

Nimetoka Bungoma, kwa mama. Ndugu yangu mdogo, Wekesa, alituita huko baada ya ibada ili atupe habari njema. Anahamia Pwani. Ati si Mombasa, ni mji mdogo, mtulivu, nyumba iko karibu na bahari. Lori la mizigo ashatafuta. Watoto watazoea.

Kisha akanigeukia. Mimi niliishi huko miaka minne, kwa hivyo alitaka niwaambie wote vile maisha ni matamu.

Nikawaambia ukweli. Watu ni waungwana, samaki hakuna mfano. Lakini maji ya kisima yana chumvi mpaka chai inakushinda. Hewa inakula chuma. Jiko langu la gesi liliisha kwa kutu nikiliangalia. Wageni wakimaliza likizo, biashara zinalala. Mtoto akizidiwa, daktari yuko mji mwingine. Na majirani, hata wakupende vipi, utabaki mtu wa bara.

Wekesa alicheka, akasema mimi nilishindwa tu na joto.

Hilo halikuniuma. Lililoniuma ni Nanjala, mkewe, aliyekuwa akitumiminia chai bila kuinua macho. Nanjala ana duka la kushona hapo Bungoma mjini. Alianza na cherehani moja kwenye veranda ya mtu. Leo shule zinamfuata kwa sare.

Hakuna aliyetaja duka.

Hicho kimya nakijua. Mume wangu aliomba uhamisho bila kuniambia, halafu nikaambiwa nifungashe. Niliacha kufundisha. Miaka minne nikakaa ndani ya nyumba ya moto nikingoja jua lizame.

Nikamuuliza Wekesa, "Umemuuliza Nanjala?"

"Ni bibi yangu. Tunaenda pamoja."

"Sijauliza hivyo."

Mama akanikanya, akasema mambo ya nyumba za watu niyaache. Hapo ndipo Nanjala alipoweka birika chini.

"Hajaniuliza," akasema, taratibu kabisa. "Na siendi. Wewe enda, Baba Brian. Mimi na watoto tuko hapa."

Wekesa aliniambia nimemvunjia nyumba, akatoka. Mama, ambaye hunisindikiza kila mara mpaka barabarani, alibaki kwenye kiti chake.

Nyumba gani hiyo inavunjwa na swali?

Nyinyi mnaoniandikia hapa bloguni kila wiki mkitaka kujua kodi ya nyumba, joto na shule za Pwani, sina shida kuwajibu. Lakini kwanza niambieni yule atakayeacha vitu vingi zaidi amesema nini. Kama hamjui, msiniulize habari ya bahari.

Nanjala amenipigia sasa hivi. Wekesa amerudi, hajala. Amesema ataenda peke yake kwanza, akapange chumba, aone. Nanjala amemwambia sawa. Sauti yake ilikuwa imechoka, lakini haikutetemeka.

Mimi bado nina hasira, na si kwa Wekesa peke yake.

Kesho nitampigia mama. Sitamwomba msamaha. Nataka tu anieleze, siku ile alipotolewa kwao Cheptais akaletwa Bungoma kuolewa, kuna mtu alimuuliza?