Moshi wa Karurumo Haujachapwa

Kagendo mpwa wangu, Bwana asifiwe huko Nkubu. Huku Karurumo baridi ni kali, lakini nimekula maharagwe meusi ya njahi sahani tatu, wenyeji wakaniita mwanaume.

Nimemtembelea yule bibi mzee, Shosho Wanja. Nikakuta mwanawe, Daktari Njeru, mtafiti wa mambo ya ICU, kule kwa wagonjwa mahututi, na hewa chafu. Tukiwa jikoni akajigamba, "Nimechapisha karatasi nyingi sana za utafiti kuhusu moshi wa kuni." Na hapo mama yake anakohoa mpaka mwiko unamponyoka!

Shosho akapangusa macho. "Njeru wangu, karatasi umezichapa. Moshi wenyewe utauchapa lini?"

Daktari akasema ati bado utafiti zaidi unahitajika. Mimi niliyeishia darasa la sita nikafanya utafiti na nyundo. Nikang'oa bati moja la paa juu ya mafiga, moshi ukatoroka kama mwizi wa miraa. Kikohozi kikatulia, Shosho akaanza kuimba.

Daktari akalipiga picha tundu hilo, ati hiyo ni karatasi mpya ya utafiti. Nimemwambia jina langu litangulie, lake lifuate kwa herufi ndogo.

Mungu akulindie kifua, mama.

Mjomba wako, Mutwiri