Jiko la Nyumba ya Mlimani

Baba Maram,

Nnakwenda Mabela kwa mama. Mpashie Maram wali na samaki, vimo kwenye friji. Nguo za mashineni zianike.

Asubuhi dada yako Hadeel kanionesha nyumba anoitaka tukodi likizo hii huko Georgia, juu kabisa mlimani. Wanaojua kuteleza kwenye theluji ni nyinyi wawili tu. Mimi na watoto ndo kwanza tunajifunza, na uwanja wa wanaoanza uko chini. Nkamuuliza tutashuka vipi. Akanambia nyumba ina jiko kubwa, nsisahau bizari ya pilau. Na wewe ukajitia kutafuta funguo, nazo unazo mkononi.

~~Basi chagueni mtakapo.~~

Nshachukua hoteli ya chini. Nliwauliza kwanza kama vyumba vina jiko. Havina.

Mama Maram