Daftari Safi la Apiyo

Nyumba za Walimu,
S.L.P. 37,
Ruiru.
Tarehe 19 Oktoba, 1957.

Mpendwa wifi yangu Aketch,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Philip na Adongo, na kwamba joto la Mombasa halijawamaliza. Mguu wako unaendeleaje? Uliandika kwamba umevimba tena na hospitali ya reli wamekupa dawa ya kupaka. Usikubali dawa ya kupaka kwa ugonjwa ulio ndani. Rudi umuulize daktari, na umtazame usoni wakati anapokujibu.

Sisi hatujambo. Kaka yako Jared yuko kiwandani Thika siku sita, na Jumamosi jioni anakuja kwa treni akinuka mananasi hata kwenye kofia. Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu, kwa sababu Kijaluo changu unakijua, kitakuchekesha, na hii si barua ya kucheka.

Nazi zako zilifika, asante sana. Uliandika kumi, mimi nimehesabu saba. Simtaji mtu, lakini yule karani wa vifurushi pale stesheni amenenepa.

Sasa wifi, kaa kitako. Habari kubwa ni ya mtoto wako Apiyo, niliye naye huku, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwita Philip. Apiyo ni mzima wa mwili. Kilicho mashakani ni nafasi yake ya Form Three, na mwenye kosa si yeye.

Nilikuambia kwamba tangu Januari tuna hedimasta mpya, Bwana Muigai, kijana wa hapa hapa Ruiru aliyesoma Makerere. Yule wa zamani alikuwa akitukagua kwa njia ambayo kila mwalimu anaijua. Alituarifu wiki nzima kabla. Tulifagia, tukabandika ramani, tukafundisha somo ambalo watoto walikwisha kulijua, naye akaandika kwamba inaridhisha, akaenda zake kunywa chai. Huyu Muigai haarifu mtu. Anavaa viatu vya raba, humsikii akija. Unageuka kutoka ubaoni, unamkuta ameketi dawati la nyuma na kidaftari cheusi, anapiga vistari. Haandiki neno, ni vistari tu. Kengele ikilia anaondoka, hata asante hasemi.

Wewe hukuwa huku miaka ile mibaya ya Mau Mau, umeisikia tu. Hapa tuliona majirani wakipangwa mistari uwanjani, na mtu aliyefunikwa gunia kichwani akipita mbele yao akinyoosha kidole. Tangu hapo, mtu akikutazama huku anaandika, unaanza kujiuliza ni jina la nani. Nilianza kumchunguza Muigai. Niliona anatembelea darasa langu zaidi ya madarasa mengine. Niliona akisimama dirishani anawaangalia watoto wa nyuma, wale wa vibarua.

Lazima nikueleze hao watoto wa nyuma. Kila mwaka shule yetu hupeleka majina sita kwa afisa wa elimu kule Thika kwa ajili ya Form Three. Walimu hupendekeza, hedimasta husaini. Na kila mwaka majina sita yale ni ya watoto wa wenye mashamba na wenye maduka. Wale wa kambi za mkonge na wa viwandani, Wajaluo, Waluhya, Wakamba, na hata Wakikuyu wasio na kipande cha ardhi, huishia Form Two, wanarudi kukata mkonge wakiwa na Kiingereza kidogo. Nilikuwa nimeapa kwamba mwaka huu Apiyo ataingia, kwa jino na ukucha.

Basi Ijumaa ya tarehe nne, watoto wakiwa paredi, Muigai alisoma majina kumi na moja. Alisema hao walete Jumatatu madaftari yao yote ya insha tangu Januari. Sababu hakutoa. Nilihesabu majina hayo kwa vidole: wote ni watoto wa vibarua, na la tatu ni Apiyo, maana Philip naye ni kibarua wa reli.

Mwalimu Waweru, mzee wetu wa hesabu aliyefundisha hapa miaka ishirini, alinivuta kando karibu na tangi la maji. "Atiriri, mwalimu Selpha," aliniambia, ndiyo "sikia" ya Kikuyu chao. "Mtu akianza kusoma majina, sikiliza yale ambayo hayasomi. Watoto wa ndugu zake umewasikia?"

Sikuwasikia. Nilikwenda nyumbani nikiwa nimeshamaliza hukumu yangu: Muigai anakusanya makosa ya watoto wetu ayapeleke Thika, aseme, tazameni, hawa hawafai, msinisumbue tena na majina yao.

Jared alipofika Jumamosi nilimweleza. Alisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba mdomo ninao, niende nikamuulize Muigai anataka madaftari ya nini. Nilimjibu kwamba fisi haulizwi habari za mbuzi. Kaka yako akachukua kofia yake akatoka. Namshuku kwamba alijua ninalotaka kufanya na hakutaka kuliona.

Nililofanya ni hili. Nilinunua madaftari mapya matatu, nikamkalisha Apiyo mezani Jumamosi ile mpaka usiku wa manane, na Jumapili kutwa, hata kanisani hatukwenda. Nilimfanya anakili insha zote upya, bila kosa, bila mfuto. Mimi nikakaa upande wa pili na kalamu nyekundu nikisahihisha. Na kwa kuwa nakuambia ukweli, nikuambie wote: katika daftari la zamani kulikuwa na wiki nne ambazo sikuwa nimesahihisha kitu wala kuwapa kazi. Nikaogopa aibu yangu. Nikatunga insha nne za kujaza pengo, Apiyo akaziandika, nikaweka tarehe.

Aliniuliza mara moja tu kama hii si kudanganya. Nilimwambia kwamba wakubwa wanajua wanachofanya. Madaftari ya zamani nikayatia jikoni, yakaivisha maharagwe ya Jumapili.

Jumanne ya wiki hii afisa wa elimu alikuja kwa gari lake. Kumbe Muigai alikuwa amemwandikia tangu Agosti. Alimwomba kwamba mwaka huu watoto wa vibarua wasipimwe kwa maneno ya walimu, wapimwe kwa kazi ya mikono yao wenyewe ya mwaka mzima, makosa na yote, ili ionekane walianzia wapi na wamefika wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya madaftari kumi na moja. Alinyamaza kwa sababu alijua angetuambia sababu, walimu tungeyapamba. Alitujua vizuri.

Madaftari kumi yalikuwa machafu, yamejaa mafuta ya taa na makosa ya kila namna, na ukurasa baada ya ukurasa makosa yanapungua. Afisa yule, Mzungu, aliyafunua polepole akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafika la Apiyo. Wino mmoja kutoka Januari hadi Oktoba. Mwandiko mmoja usiochoka. Na mojawapo ya zile insha nilizotunga niliiwekea tarehe kumi Juni, nayo ilikuwa Jumatatu ya Pentekoste, shule nzima imefungwa.

Tuliitwa ofisini, mimi na Apiyo. Afisa aliuliza ni nani aliyetengeneza daftari hili. Aketch, nilitazama ule wino wangu mwekundu. Nilikuwa nafikiria cheti changu. Nilikuwa nafikiria nyumba hii ya mwalimu tunayolala. Na nilipokuwa bado nafikiria, mtoto wako alisema:

"Ni mimi, bwana. Niliandika peke yangu, na wino mwekundu nilichukua mezani kwa mwalimu bila yeye kujua."

Akasema mwalimu. Hakusema mama, kama anavyoniita nyumbani. Mimi ndiye niliyemkataza kuniita mama shuleni tangu siku ya kwanza, watu wasije wakasema nampendelea.

Afisa alisema mwizi wa maksi hawezi kwenda Form Three, na jina lake likatwe. Kwa hisani alimruhusu amalize muhula. Hata yale madaftari kumi alisema atayashikilia mpaka Jumatatu, kwa maana akipata moja lililopikwa, atajuaje hayo mengine ni mabichi? Mimi nilisimama pale kama kigingi. Nakuandikia hivi nikiwa na aibu ambayo sijui nitaiweka wapi.

Kesho yake Muigai aliniita. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kufukuzwa, na kusema kweli nilikuwa na maneno yangu makali tayari. Hakunifukuza. Alinisogezea kile kidaftari cheusi, akafungua ukurasa wenye jina langu. Vile vistari, wifi, vilikuwa vya maswali. Kila mwalimu anapomuuliza mtoto swali, kistari kimoja kwenye jina la mtoto huyo. Alikuwa ameingia darasani kwangu mara tisa. Wanaokaa mbele walikuwa na vistari vimejazana kama boriti za ukuta. Wale wa nyuma wote kwa pamoja, kumi na moja, walikuwa na vitano.

Mbele ya jina la Apiyo hapakuwa na kitu.

"Mwalimu, mwanzo nilidhani huyu msichana ni mzito," alisema. "Julai nikasoma insha yake moja, nikaona ndiye bora katika darasa lako. Nikataka kujua kwa nini mwalimu wake hajui."

Nilijua, ndilo jibu ambalo sikulitoa. Nilijua vizuri. Nilikuwa naogopa watasema namuuliza kwa kuwa ni wa nyumbani, nikawa simuulizi kabisa. Lakini wale wengine kumi si wa nyumbani, na nao sikuwauliza. Hilo sina la kulitetea. Mimi mwenyewe baba yangu alikuwa kibarua wa chai kule Nandi. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi nimekaa mwaka mzima naangalia la Muigai.

Nilimuuliza kwa nini hakunikemea mbele ya afisa, maana hakika alijua ule mwandiko mwekundu ni wa nani. Alisema alikuwa anangoja nizungumze. Bado simwamini kabisa, usidhani nimebadilika kuwa malaika. Pengine ana hesabu zake na afisa, pengine anataka sifa Thika. Nitaendelea kuviangalia viatu vyake vya raba. Lakini vistari vile sikuweza kuvibishia.

Alhamisi nilimwandikia afisa barua nikaeleza yote, insha nne za uongo, jiko, na kunyamaza kwangu. Niliweka na cheti changu ndani ya bahasha, asije akapata taabu ya kuniandikia kukidai. Sikuiamini posta, nimeipeleka Thika kwa mkono na karani amenisainia. Jumatatu ndiyo majibu. Nikifukuzwa tutahamia kwenye chumba cha Jared cha kiwandani, tutabanana. Yeye nimemwambia jana alipokuja kwa ghafla, amesema sawa, halafu akaanza kupangusa kofia yake. Sijui kama ni sawa ya hasira au ya aina nyingine. Nimwulize mara ngapi?

Kama wakikubali, Apiyo atapimwa kwa mtihani mpya mbele ya afisa mwenyewe, maana daftari la kweli halipo tena, nililipikia. Muigai ndiye aliyeliomba hilo. Mtoto anasoma. Hajanilaumu kwa neno hata moja, na hilo linanichoma kuliko angenitukana.

Aketch, ulinipa mtoto wako mkononi pale stesheni ya Mombasa ukaniambia nimlee kama wangu. Naomba radhi. Ukitaka arudi kwako, niandikie, nitamleta mwenyewe wala sitamkabidhi kwa mtu yeyote wa treni. Ukitaka abaki, niandikie pia, hata mstari mmoja, ili nijue.

Jana Ijumaa nilikuwa na somo la mwisho la wiki. Niliuliza swali juu ya methali, na nikalitaja jina la Apiyo. Ni mara ya kwanza tangu Januari. Darasa zima likageuka kumtazama. Naye, wifi, aligeuka nyuma kuangalia ni nani aliyeitwa.

Nisalimie shemeji Philip, na umsomee barua hii pole pole akishakula. Msalimie Adongo, mwambie pacha wake amerefuka na anamwota. Wasalimie mama Nicanor wa nyumba ya pili, na wote wanaoniuliza. Mungu aliyewapa ninyi subira awaongezee nyingine, mtaihitaji, na autulize huo mguu.

Ni mimi wifi yako nikupendaye, na leo nikuogopaye pia,

Selpha Nafuna.